Kano Ikilegea, Msuli Ushike

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi hapa Tanga mjini, mbele ya wazazi, walimu wa michezo na vijana wetu. Wengi mliniandikia kwamba mlikuwa safarini au kazini, basi naiweka nzima. Pale nilipoonyesha kwa mwili, nimejaribu kueleza kwa maneno.

Mgeni rasmi, walimu, wazazi wenzangu, vijana wangu, itifaki imezingatiwa. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Kabla sijaanza, namwomba kila mmoja anyooshe mkono wa kushoto mbele yake. Sasa kwa mkono wa kulia shika kidole gumba cha kushoto, kilaze taratibu kuelekea kwenye kigasha. Usilazimishe. Kimefika? Wengi naona kimeishia njiani. Lakini kule nyuma naona mikono minne, mitano, na yule dada wa kitambaa cha bluu, kidole chake kimelala juu ya mkono kabisa, hakuna hata upenyo wa kupitisha karatasi. Dada, umewahi kuambiwa una mwili laini? Anaitikia. Na magoti yanakuuma jioni? Anaitikia tena, na mama aliyekaa pembeni yake anamtazama kwa mshangao. Mama, hukujua?

Hilo ndilo lililonileta. Kuna watu wazima na watoto katika ukumbi huu ambao viungo vyao vinakwenda mbali kuliko vya wenzao. Mtaani tunasema ana mwili laini, tunasema hana mifupa. Leo nitasema viungo vilegevu, na sote tutaelewana.

Tanga ni mji wa mkonge. Tangu mkonge ulipoletwa nchini mwaka 1893, babu zetu na bibi zetu wameishi kwa singa za katani. Aliyewahi kusokota kamba anajua kwamba singa ngumu zilizosokotwa vizuri hutoa kamba isiyonyumbuka. Ukiifungia mzigo Korogwe, unafika Tanga mjini mzigo haujasogea. Ndani ya mwili, mfupa na mfupa vimefungwa kwa kamba za namna hiyo, ndizo kano, na singa zake ni kolajeni, protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini. Wapo watu waliozaliwa na kano zinazonyumbuka zaidi. Goti la mtu huyo likinyooka halisimami pale lilipopaswa kusimama, linarudi nyuma kama upinde. Kiwiko hivyo hivyo. Bega linacheza ndani ya tundu lake. Na kwa kuwa kolajeni imo pia kwenye ngozi, kwenye utumbo na kwenye mishipa ya damu, baadhi yao huvilia damu upesi wakigongwa kidogo, huona kizunguzungu wakisimama ghafla, husumbuliwa na tumbo, na huchoka uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Kamba ya katani ikilegea unaisokota upya. Kano uliyozaliwa nayo huwezi kuisokota upya. Hakuna kidonge cha kuikaza, hakuna mafuta ya kuchua yatakayoifupisha. Nalisema hili mapema, kwa sauti, ili asiwepo mtu wa kwenda kuuziwa chupa kesho asubuhi. Lakini Mungu hakuliacha goti lishikwe na kano peke yake. Amelizungushia misuli, na msuli, tofauti na kano, unafundishika. Unafundishika ukiwa na miaka saba, unafundishika ukiwa na sabini. Kano ikilegea, msuli ushike. Ukisahau yote nitakayosema leo, hilo ondoka nalo.

Ndugu zangu, la kwanza ninalotaka kulisema ni hili: mtoto huyu si mvivu.

Nililetewa binti wa darasa la sita. Baba yake alikuja na daftari lake la hesabu mkononi, akalifungua mbele yangu kabla hajasalimia. Ukurasa ulianza kwa mwandiko mzuri, katikati ukawa unayumba, chini kabisa huwezi kusoma. Pembeni mwalimu alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu: "Anadeka." Akitoka shule huketi njiani mara tatu kabla ya kufika nyumbani. Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka mara nyingi kiasi kwamba nyumbani walishaacha kuhesabu. Kwa mkandaji alikuwa ameshapelekwa, na fimbo alikuwa ameshachapwa.

Nikampa penseli. Nikamwambia, andika jina lako. Nikaangalia vidole, si jina. Kidole cha shahada, kile kifundo cha mwishoni kilikuwa kimepinda kwenda nyuma, ukucha umekuwa mweupe kwa jinsi alivyokandamiza. Alikuwa anaishika penseli kwa nguvu zake zote ili isimtoroke. Jiulize, wewe ungeandika ukurasa mzima hivyo? Ungeandika kurasa mbili?

Kisha nikamwambia afumbe macho. Nikaukunja mkono wake wa kulia kiasi, nikamwambia, ukunje wa kushoto ufanane nao. Akaukunja, akatabasamu, akiamini amepatia. Wa kushoto ulikuwa mbali kabisa na wa kulia. Baba yake akanyamaza.

Hapo pana jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Ndani ya maungio na misuli kuna vipokezi vinavyoupelekea ubongo habari kila wakati: goti liko wapi, limekunjwa kiasi gani, mguu umekanyaga vipi. Kwa watu wengi wenye viungo vilegevu, habari hizo hufika pungufu. Ndiyo maana mtoto huyu anaangusha kikombe, anagonga fremu ya mlango, anajikwaa mahali tambarare. Na misuli yake inafanya kazi mara mbili, kazi yake yenyewe na kazi ya kano. Saa nane mchana ameshachoka kama mtu aliyelima. Halafu tunamwambia anadeka.

Walimu wangu, nawaheshimu, nyinyi mna watoto themanini darasani na hakuna aliyewafundisha hili chuoni. Siwalaumu. Nawaomba tu. Mtoto anayetikisa mkono kila baada ya mistari mitano, anayekaa kwa kuegemea, anayeteguka kila wiki uwanjani, kabla ya fimbo, mwambie anyooshe mikono na umtazame viwiko. Binti yule tulichukua kipande cha ndala iliyochakaa, tukakitoboa, tukachomeka penseli katikati ili iwe nene. Gharama yake ni sifuri. Mwandiko ulifika mwisho wa ukurasa.

La pili. Mwili laini wenyewe si ugonjwa, na pia si wa kuchezewa.

Kipimo cha kidole gumba tulichokifanya ni sehemu ya kipimo kinachotumika duniani kote, na fahari yangu ni kwamba kilinolewa hapa hapa Afrika. Mwaka 1973 Peter Beighton na wenzake, huko Afrika Kusini, walichapisha uchunguzi walioufanya kwa Watswana wa vijijini, zaidi ya watu elfu moja. Kipimo kina alama 9. Kidole kidogo kikiinuka nyuma kupita pembe mraba, alama moja kila mkono. Kidole gumba kikigusa kigasha, moja kila mkono. Kiwiko kikipita mnyoofu zaidi ya nyuzi 10, moja kila upande, na goti vivyo hivyo. Ya 9 ni kuinama ukaweka viganja vyote sakafuni bila kukunja magoti. Kwa vigezo vya kimataifa vya mwaka 2017, mtoto ambaye hajabalehe huhesabiwa mlegevu akipata 6 au zaidi, aliyebalehe mpaka miaka 50 akipata 5, na aliyepita 50 akipata 4, kwa sababu umri hutukaza sote.

Sasa akina mama, nani hapa hawezi kugusa sakafu magoti yakiwa yamenyooka? Tunafagia uwanja tumeinama, tunapalilia tumeinama, tunafua tumeinama. Ile alama ya 9 wengi wetu tunaipata kwa maisha tu. Wanawake kwa jumla ni walegevu kuliko wanaume, watoto kuliko wakubwa, na sisi Waafrika kuliko watu wa Ulaya. Kwa hiyo alama peke yake haisemi kwamba unaumwa. Wengi wenye alama nyingi wanaishi hawana taabu yoyote, wapo na wanaonufaika nayo kwenye ngoma, kwenye sarakasi, kwenye kuogelea. Shida huanza pale ulegevu unapoambatana na maumivu, kuteguka na uchovu. Hapo ndipo tunapotafutana.

Kuna kijana mmoja wa sarakasi. Alikuwa anajikunja nyuma mpaka kichwa kinatokea katikati ya miguu, na alikuwa na mchezo mmoja ambao watu walikuwa wanautupia sarafu: analitoa bega lake kwenye tundu, linashuka, watu wanapiga kelele, kisha analirudisha. Alifanya hivyo jioni baada ya jioni. Alipokuja kwangu, bega lilikuwa linatoka lenyewe usiku akijigeuza kitandani. Aliniambia, "Dada, zamani nililitoa mimi. Sasa linanitoa lenyewe usingizini."

Dawa yake ya kwanza haikuwa zoezi. Ilikuwa kuacha kuonyesha. Wazazi, mgeni akija nyumbani msimwite mtoto, "Hebu njoo umwonyeshe mjomba vidole vyako." Kila mara anapokifikisha kiungo mwisho wake kwa ajili ya makofi, anaivuta kano ambayo tayari haina cha kuvutwa.

Na hapa niseme jambo ambalo hata wenye hali hii hunibishia. Shingo imekaza, mgongo umekaza, na wewe unajisikia kuuvuta na kuunyoosha mpaka ulie. Unapata nafuu ya dakika kumi. Lakini kwa nini msuli ule umekaza? Mara nyingi umekaza kwa sababu umeshika zamu ya kano. Ukiuvuta sana unamwondoa mlinzi getini. Mpe nguvu mlinzi, ataacha kujikaza mwenyewe.

Wazee wetu mnaokanda, wapo hapa na nimewaona, shikamooni. Mikono yenu inatuliza misuli, hilo halina ubishi. Ninalowaomba ni kwamba mtu mwenye mwili laini msimvute kiungo mpaka kilie kwa kudhani kimekwama. Na bega lililotoka lirudishwe hospitali, kwa sababu mishipa ya fahamu na ya damu inapita hapo hapo kwapani.

La tatu, na hili nalizungumza kwa mwili wangu. Kupumzika hakukazi kiungo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Naanika blanketi, blanketi la kufua kwa mkono, limejaa maji. Nimeliinua juu ya kamba, bega la kulia likatoka. Sikuanguka, sikugongwa. Blanketi tu. Likarudishwa, nikafungwa mkono shingoni, nikaambiwa nisiutumie. Wiki sita. Zilipokwisha nikaambiwa niendelee kuutunza, nisinyanyue kitu. Aliyenihudumia alikuwa na nia njema kabisa. Miezi mitatu nikautunza mkono kama yai. Nikichota maji, wa kushoto. Nikipika, wa kushoto. Na mwisho wa miezi mitatu sikuweza kuinua birika la chai. Bega lilitoka tena nikivaa gauni.

Mnaona kilichotokea? Kano zilikuwa legevu tangu tumboni mwa mama. Kilichokuwa kinalishika bega ni msuli, na msuli nimeulaza miezi mitatu. Nilimwachisha kazi mfanyakazi pekee aliyekuwa anafanya kazi.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenipokea baadaye alinianzishia kitu kidogo mpaka nikaona ananidharau. Simama kando ya ukuta, kunja kiwiko, sukuma ukuta kwa nyuma ya mkono. Mkono hausogei, ukuta hausogei. Hesabu tano, achia. Mara kumi. Wiki mbili hilo tu. Kisha mpira wa tyubu ya baiskeli umefungwa kwenye kitasa cha mlango, navuta taratibu, narudisha taratibu zaidi. Kisha chupa ya nusu lita. Kisha lita moja na nusu. Mwezi wa tano nilibeba ndoo ya lita kumi kwa mkono ule ule kutoka bombani mpaka jikoni, nikaiweka chini, nikalia. Mama yangu alidhani nimeumia.

Siku hizi kuna ushahidi unaotamka waziwazi. Mwaka 2022 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya watu 100 wenye viungo vilegevu na matatizo ya bega. Nusu walipewa mazoezi mepesi, nusu wakapewa mazoezi ya uzito mkubwa ulioongezwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi, mara tatu kwa wiki, wiki 16. Waliobeba uzito mkubwa ndio waliopata nafuu zaidi. Miaka mingi watu hawa tuliwaambia wasibebe kitu! Ila sikieni yale maneno mengine: hatua kwa hatua, na chini ya uangalizi. Usitoke hapa ukabebe gunia.

Simameni basi. Wote. Mwenye mtoto mgongoni na asimame naye.

Simama kama unavyosimama foleni benki. Sasa angalia magoti. Wapo walioyafunga kwa nyuma kama mlango. Yalegeze kidogo mno, mpaka uhisi mapaja yameamka. Hapo ndipo pa kusimama. Utasahau mara mia kwa siku, na mara mia utajirekebisha. Hilo ni zoezi, na halihitaji kwenda popote.

Sasa inua mguu mmoja. Shikilia kiti cha mbele. Hesabu kumi. Naona vifundo vinavyotikisika kama majani, ni vizuri, kifundo kinajifunza. Fanya asubuhi ukipiga mswaki, mguu huu leo, na ule kesho, baadaye miguu yote miwili siku moja.

Kaeni, lakini taratibu. Hesabu nne ukishuka, usijitupe. Simama tena hesabu nne. Kushuka polepole ndiko kunakofundisha msuli kuliko kupanda. Mara nane zinatosha kwa kuanzia. Nyumbani ongeza moja: lala chali juu ya mkeka, kunja magoti, inua nyonga, kaza makalio, hesabu tano, shuka. Na wenye nafasi, bahari ipo. Kule Raskazone ingia maji yafike kifuani, tembea mbele, tembea nyuma. Maji yanakubeba uzito na papo hapo yanakuzuia, kila hatua ni kazi bila kishindo.

Maumivu? Swali zuri, mama. Msuli kuuma uma kesho yake ni kawaida. Kiungo kuvimba, au maumivu makali yaliyokaa zaidi ya siku moja, maana yake umezidisha, rudi nyuma hatua moja, usiache. Na jihadharini sana na siku nzuri. Umeamka huna maumivu, unafua nguo za wiki nzima, unadeki nyumba, unakwenda sokoni kwa miguu. Siku tatu zinazofuata uko kitandani. Nimeona watu wameishi miaka kumi katika mzunguko huo. Siku nzuri fanya kama jana na uongeze kidogo. Siku mbaya punguza, lakini lile la kupiga mswaki kwa mguu mmoja usiliache. Wajawazito, homoni za ujauzito huzidi kulegeza maungio ya nyonga, kwa hiyo semeni kliniki mapema, msisubiri mpaka mshindwe kupanda kitanda.

Kuna jambo moja la hatari na sitalipitia haraka, hasa kwa walimu wa netiboli, wavu na mpira wa kikapu. Mnachagua watoto warefu, wenye mikono mirefu, vidole virefu. Ni sawa. Lakini mtoto mrefu sana, mwembamba, mikono ikitandazwa pande zote mbili inapita urefu wa mwili wake, viungo vilegevu, kifua kimebonyea au kimetokeza, macho hayaoni mbali, huyo apimwe moyo kabla ya msimu. Flo Hyman alikuwa mchezaji mkubwa wa mpira wa wavu wa Marekani, alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Januari 1986, akiwa Japani, alitolewa uwanjani katikati ya mechi, akakaa kwenye benchi, akaanguka, akafariki. Alikuwa na miaka 31. Mshipa mkubwa unaotoka kwenye moyo ulikuwa umechanika, kwa sababu ya Marfan, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaodhoofisha kano na mishipa mikubwa ya damu, ambao hakuna aliyejua kuwa anao. Baada ya msiba ndugu yake alipimwa, akakutwa nao, akafanyiwa upasuaji. Yule alipona kwa sababu alipimwa.

Na kiungo kilichovimba, chenye joto, mtoto ana homa, hicho si ulegevu. Inaweza kuwa homa ya baridi yabisi, inaweza kuwa selimundu, inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo. Hospitali siku hiyo hiyo.

Mtaniuliza binti wa darasa la sita yuko wapi. Yuko kidato cha pili. Kuruka kamba bado kunampa shida, na jioni nyingine bado anaketi njiani, ila mara moja tu. Wiki iliyopita mama yake alinitumia picha: binti yuko jikoni, anakanda unga wa chapati, viwiko vimekunjwa kidogo, havikufungwa. Hakuna aliyemkumbusha. Picha ile nimeitazama siku nzima.

Pale mlangoni kuna beseni. Ndani yake kuna vipande vya tyubu za baiskeli, nimevikata mwenyewe jana usiku, kila kimoja urefu wa pima moja. Kila mwalimu wa michezo achukue vitano. Kila mzazi achukue kimoja. Na wewe dada wa kitambaa cha bluu, usiondoke, njoo na mama yako hapa mbele nikuonyeshe namna ya kukifunga kwenye kitasa.